Makufuli Mawili ya Bwawa la Bustani

Mtaani kwao walimwita Sepetu, na jina lenyewe alilipata kihalali, maana kila ulipomwona alikuwa na sepetu begani, hata Jumapili akienda kumwona dada yake. Alikuwa mtu wa mitaro. Mwajiri wake alikuwa Jiji, na kazi yake ilikuwa kuzibua mifereji, kuokota majani kwenye wavu wa chuma, na kutunza lango la maji la bwawa lililo ndani ya bustani kubwa. Ukimuuliza anafanya kazi gani, alikujibu, "Mimi nayaaga maji," kisha akacheka peke yake. Utani wake alishauzoea kuliko alivyowazoea watu.

Bwawa lenyewe halikuwa la Jiji. Bustani yote ile, pamoja na miti yake na mabata wake wenye kiburi, ilikuwa mali ya Wakala wa Bustani za Mkoa. Ila maji yakishatoka langoni yanaingia kwenye mtaro wa Jiji, kwa hiyo lango likawa la wote wawili, yaani halikuwa la mtu. Kazi yake si ya kueleza kwa kirefu. Mvua ikinyesha sana na lango likafunguliwa mapema, maji yanashuka mtaroni kwa heshima zake. Lisipofunguliwa, bwawa linajaa, linaruka ukingo wa upande wa chini, na chini ya ukingo huo zinaanza nyumba za bondeni. Nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya dada yake Sepetu.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mapema, na Dada, mwenyewe bado msichana, akaweka cherehani mlangoni akashona sare za watoto wa watu mpaka mdogo wake akaota ndevu. Baadaye aliolewa, mumewe akamjengea ile nyumba, kisha mume naye akatangulia. Halafu akaanguka bafuni. Nyonga ilivunjika na haikuunga vizuri, ikawa sasa anatembea kwa kushika ukuta: kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, kutoka kwenye cherehani hadi jikoni. Zaidi ya hapo hafiki.

Kuna mtu atauliza kwa nini Sepetu hakumchukua akakae kwake. Alijaribu. Yeye na mkewe na watoto waliishi ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo ambalo halina lifti. Siku waliyompandisha, kabla hawajamaliza ngazi za kwanza Dada alilia kwa maumivu, Dada ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu, wakamrudisha chini polepole, wifi yake mbele, Sepetu nyuma. Jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Upande wa Wakala, bwawa lilikuwa na mtunzaji wake, mtu mrefu, mkimya, mwenye miguu mirefu na suruali fupi. Sepetu alimwita mtu huyu Shemeji. Si kwamba yeyote kati yao alikuwa ameoa kwa mwenzake. Siku moja jamaa alipeleka suruali kwa Dada iongezwe urefu, akarudi amechangamka, akamwambia Sepetu, "Yule dada yako akikubali, mimi na wewe tutakuwa mashemeji." Sepetu alipofikisha salamu, Dada hakuinua hata macho kwenye kitambaa. "Mwambie kwanza ajifunze kufunga vifungo vya shati kwa mpangilio," alisema. Jina likabaki hapohapo, na vifungo havikuwahi kunyooka.

Sasa, katika miaka ile Jiji na Wakala walikuwa hawaelewani. Waligombania nani afagie majani ya bwawani, nani apake rangi uzio, nani alaumiwe mbu wakizidi. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kumkabidhi mwenzake ufunguo wa lango, lango lilifungwa kwa mnyororo mmoja na makufuli mawili, la Jiji na la Wakala, na makufuli hayo Sepetu na Shemeji waliyafunga kwa akili yao wenyewe: moja wakaliingiza ndani ya jingine, yakawa sehemu ya mnyororo. Ukifungua lolote kati ya hayo mawili, mnyororo unaachia na usukani wa kuinulia lango unazunguka. Aliyetangulia kuiona mvua ndiye aliyefungua. Mwingine alikuta maji yanakwenda, akapita zake. Wakubwa wao walikuwa hawasalimiani, na bondeni hapakuingia tone.

Halafu wakubwa wakapatana.

Hakuna aliyejua kilichowapatanisha. Ghafla tu yakaja magari, yakaja mahema, akaja Mkurugenzi wa Jiji na Mkuu wa Wakala, ambaye ni mama, wote wawili wamevaa buti mpya za mpira ambazo hazijawahi kuona tope. Ilitangazwa kwamba kuanzia sasa Jiji na Wakala ni kitu kimoja, na bwawa lile litakuwa mfano wa ushirikiano. Wakazungushwa bustanini mpaka wakafika langoni, ambako Sepetu na Shemeji walikuwa wamesimamishwa kwa sare zilizopigwa pasi.

"Nyinyi wawili tumesikia mnaelewana vizuri," Mama Mkuu alisema. "Hebu tuambieni, hapa kazi mnaifanyaje?"

Shemeji hakuwa mtu wa kuongea, na mtu asiyezoea kuongea akibanwa husema lile analodhani linatakiwa. "Tunafanya pamoja, mheshimiwa," alijibu. "Hatufungui mpaka tuwepo wote wawili."

Hapo Sepetu angeweza kuuma ulimi. Angeweza hata kucheka, mambo yakaishia kwenye utani. Lakini kamera zilikuwa zimemgeukia, Mkurugenzi wake mwenyewe alikuwa anatabasamu, na yeye hakutaka Wakala waonekane waungwana kuliko Jiji. Akatia chumvi. "Mmoja hagusi usukani kama mwenzake hayupo," alisema. "Tunangojana." Watu wakapiga makofi. Picha yao ilitoka, wameshikana mikono, vifungo vya Shemeji vimeenda upande.

Walicheka hadi mbavu zikauma jioni ile, wamekaa kwenye ukingo wa bwawa. Walijiona wajanja kweli. Wala haikuwapita akilini kwamba mkubwa akisikia jambo zuri hulifanya kuwa amri.

Hazikupita wiki nyingi, akaja fundi wa kuchomelea na sanduku la chuma. Mnyororo ukatolewa. Sanduku likachomelewa juu ya usukani, na ndani yake yakawekwa makufuli mawili mapya, kila moja na tundu lake, ya aina ambayo lango halizunguki mpaka yote yafunguliwe. Chuma kilikuwa kinene, nyundo isingepata pa kupiga. Sepetu alilizunguka sanduku mara mbili.

"Fundi, mmoja wetu akiwa hayupo inakuwaje?"

"Mimi nachomelea tu, kaka," fundi alisema akishusha miwani yake. "Ila niliambiwa nyinyi hamfungui mmoja mmoja."

Wakaenda kusema ukweli. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu watu wa bondeni baadaye walisema maneno mengi. Sepetu alikwenda kwa msimamizi wake, Shemeji akaenda kwa wake, kila mmoja amevua kofia, wakakiri kwamba siku ile walisema tu ili kupendeza. Msimamizi wa Jiji akamuuliza Sepetu, "Unataka nimwendee Mkurugenzi nimwambie mlimdanganya mbele ya waandishi wa habari?" Kisha akalainika, akasema suala litapelekwa kwenye kamati ya pamoja. Wa Wakala naye alisema vivyo hivyo. Kamati ilikaa, ikaleta jibu kwamba suala limepokelewa, na hapo ndipo lilipobaki, limepokelewa.

Walijaribu na njia ya pembeni. Sepetu alipeleka ufunguo wake kwa fundi wa funguo sokoni ili achonge mwingine ampe Shemeji. Fundi aliugeuza, akauona umejaa vishimo vidogo badala ya meno, akamrudishia. "Huu mashine yangu haiujui," alisema. Basi ikabaki kupigiana simu. Wingu likitanda, huyu anampigia yule, wanakimbia kila mtu kutoka kwake, wanakutana langoni wakihema. Kwa muda mambo yalikwenda. Sepetu aliacha kulala mchana. Hata akiwa mezani na wanawe, mkono mmoja ulikuwa kwenye simu na jicho moja kwenye anga, na mkewe akamwambia amekuwa kama mtu anayedaiwa na mawingu.

Ndipo Shemeji akaitwa kwenye semina. Ilikuwa mji mwingine, mbali, na mada yake, ucheke usicheke, ilikuwa ushirikiano wa Jiji na Wakala. Alitakiwa akasimame mbele aeleze wanavyongojana. Kabla ya kuondoka alilazimika kukabidhi ufunguo ofisini kwao, ndiyo taratibu. "Si msimu wa mvua huu," alimwambia Sepetu, kama anayejipa moyo. Sepetu akakubali kwamba si msimu.

Mvua ile haikuuliza msimu. Ilianza adhuhuri, ikashuka kama iliyomwagwa, na Sepetu alipofika langoni, maji yalikuwa yameshafika usawa ambao zamani angekuwa ameshafungua na kukaa kuvuta sigara. Alitia ufunguo wake. Kufuli la Jiji likafunguka vizuri, laini kabisa. Kufuli la Wakala lilikuwa palepale pembeni yake, dogo, linang'aa. Alishika usukani akauzungusha kwa nguvu zake zote akijua hautazunguka, na haukuzunguka.

Alimpigia Shemeji. Simu ikapokelewa, na nyuma ya sauti yake vilisikika vigelegele vya ukumbini.

"Ufunguo uko ofisini," Shemeji alisema. "Kwa katibu wa Mkuu. Kimbia, shemeji. Kimbia sasa hivi."

Alikimbia. Ofisi ya Wakala ilikuwa ng'ambo ya pili ya bustani, na alipoingia alikuwa anachuruzika maji kwenye zulia. Katibu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sweta la kijani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Ufunguo ulikuwa unaonekana, umening'inia ndani ya kabati la kioo nyuma yake, na kibandiko chenye jina la bwawa.

"Siwezi kumpa mtu wa Jiji bila Mkuu kuniambia," alisema. "Ngoja nimpigie."

Akapiga. Mkuu alikuwa kwenye semina, simu imezimwa. Akampigia msaidizi wake, naye yuko semina. Akapiga Jiji ili wampigie Mkurugenzi, naye yuko semina. Kila alipoweka simu chini alimtazama Sepetu, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama, huko chini yuko dada yangu," Sepetu alisema. "Hawezi kutembea."

"Nakuelewa, kaka yangu. Nikikupa, kesho sina kazi. Mwenzangu aliyekuwa hapa alifukuzwa kwa ufunguo wa choo tu." Akapiga tena.

Sepetu alitamani kumchukia, ingemsaidia. Angepata nguvu ya kuvunja kile kioo. Lakini alimwona yule mama alivyojikunja kwenye kiti, akaona ni mtu kama yeye, aliyesimamishwa mahali akapewa kufuli, na hasira yote ikamtoka ikamwacha mtupu. Hata hivyo alipiga hatua kuelekea kabatini. Ndipo alipotazama dirishani akaona mabata wanaelea pale ambapo asubuhi palikuwa na viti vya kukalia wageni. Maji yalishavuka ukingo. Lango hata likifunguliwa sasa, bondeni yameshaingia. Akageuka akakimbia kwa dada yake, mikono mitupu.

Alimkuta kitandani ameketi, maji yamefika magotini, amekumbatia nguo za wateja kifuani. Cherehani lilikuwa limeanguka na halionekani. Majirani walikuwa wameshakimbilia juu, kila mtu na wake. Mlangoni maji yalikuwa yanavuta kwa nguvu, na Sepetu alijua akimbeba watateleza wote wawili. Akamnyanyua akamweka juu ya meza ya kukatia nguo. Meza nayo ikaanza kucheza, inataka kuelea. Basi akaibana ukutani kwa mwili wake, akashika miguu miwili ya Dada kwa mikono, akabaki hivyo, maji yakimpanda kiunoni, hana la kufanya zaidi ya kusimama.

Dada aliweka mkono juu ya kichwa chake, kama alivyokuwa akifanya zamani kumkagua chawa.

"Mbona umetoka bila koti?" alimuuliza.

"Nilisahau, Dada."

"Unasahau kila kitu. Tangu mdogo." Mkono wake hakuuondoa. Sepetu hakuthubutu kuinua uso.

Walikaa hivyo mpaka mvua ikakoma. Ilikoma yenyewe, hakuna mtu aliyeikomesha.

Shemeji alifika kesho yake, moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi, begi la semina begani. Alivua viatu mlangoni kwa Dada, akaingia, akalitoa cherehani kwenye tope, akakaa chini akaanza kulisafisha kwa kitambaa, kipande kwa kipande, bila kumtazama mtu. Dada alimwangalia kutoka kitandani. "Wewe nawe," alisema mwishowe, "siku ya kuja kuposa ndiyo umeona leo?" Shemeji alijaribu kucheka, ikashindikana, akainama akalia juu ya lile cherehani.

Kamati ya pamoja ilikuja vilevile. Walipiga picha, wakachora mstari wa bluu kwenye ukuta wa Dada kuonyesha maji yalipofika, wakawauliza Sepetu na Shemeji walichofanya. Baadaye msimamizi akamwita Sepetu na kumwambia kwa furaha kwamba hana kosa. Wala Shemeji hana kosa, wala katibu. Kila mmoja alifuata taratibu barabara, na uchunguzi haukuona pengo lolote katika ushirikiano. Sepetu aliuliza kama makufuli yatabadilishwa. Msimamizi akashangaa. "Yabadilishwe kwa nini, na hakuna aliyekosea?"

Jua likawaka, kuta zikakauka, mstari wa bluu ukabaki. Cherehani lilifufuka, ingawa lilikohoa kila liliposhona mbele. Wateja wakarudi. Sepetu aliendelea kuzibua mitaro yake, lakini ule utani wa kuyaaga maji hakuusema tena, na akipita karibu na lango alitazama pembeni.

Kisha msimu wenyewe ukakaribia. Asubuhi moja anga lilikuwa zito tangu alfajiri, na Shemeji alikuwa kazini, simu yake inaita vizuri, kila kitu kiko sawa. Hata hivyo Sepetu alikwenda kwa dada yake badala ya langoni. Alimkuta anashona. Dada aliinua macho akatazama dirishani, kisha akamtazama yeye.

"Safari hii mtafungua?"

Mwanamke huyu alimlea, na Sepetu hakuwahi kuweza kumdanganya. "Tukiwepo wote wawili, Dada," alisema. "Asipokuwepo mmoja, siwezi. Nimewaambia mpaka nimechoka. Siwezi."

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitambaa. Hakumlaumu, na Sepetu angependa amlaumu. "Basi nisaidie tupandishe vitu," alisema.

Wakaanza kazi. Dada alielekeza akiwa amekaa, Sepetu akabeba. Cherehani lilikwenda juu ya meza ya kukatia. Vitambaa vya wateja vikafuata, vimekunjwa na kufungwa kwa kamba. Sanduku la nyuzi, redio, picha ya marehemu mumewe, unga, sufuria, godoro lililokunjwa. Meza ilipojaa alipanga juu ya kabati, na kabati lilipojaa akatundika vilivyobaki kwenye misumari. Kazi ilimpendeza kwa kuwa angalau ilikuwa kazi, na alipomaliza alirudi nyuma kuangalia, akaona hakuna kitu chochote kilichobaki chini ya mstari wa bluu.

Dada naye alikuwa anaangalia. Alizungusha macho kuanzia mezani, kabatini, mpaka kwenye misumari, akiwa amekaa kwenye kiti chake kifupi katikati ya chumba, fimbo magotini.

"Umepanga vizuri," alisema. "Sasa mimi utaniweka wapi?"

Sepetu alitazama meza, akatazama kabati. Nje matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati, na simu ilikuwa inaita mfukoni mwake.